Mpaka Mtu Ainame

Kwetu Mombasa kigae cha chupa kina kazi mbili. Kimoja hupandwa juu ya ukuta saruji ikiwa mbichi, ncha zikitazama juu, ili mwizi akiweka mkono ajute. Kingine hulala mchangani kikisubiri unyayo wa mtoto. Nilikua nikizijua kazi hizo mbili tu. Tulipotoka kwenda kuogelea, mama alitufuata hadi mlangoni kuhakikisha tumevaa ndara, na aliyerudi akichechemea alijua kinachomngoja ni maji moto, chumvi na maneno. Kwa hiyo dada yangu aliponitumia picha ya kiganja chake kimejaa vigae vya kijani, vya buluu na vya rangi ya maziwa, vimelala juu ya ngozi bila kuikata, nilimuuliza hivyo ni vito gani na amevinunua wapi.

Hakuvinunua. Dada yangu ni muuguzi kaskazini mwa Uingereza, karibu na Sunderland. Ukishuka kusini kidogo kutoka hapo unafika Seaham, mji mdogo wa County Durham unaotazamana na Bahari ya Kaskazini, na ndiko alikoviokota. Mwaka 1853 John Candlish alianzisha huko kiwanda cha chupa, Londonderry Bottle Works, kikakua hadi kuhesabiwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya chupa nchini humo. Chupa zilipulizwa kwa pumzi ya mtu kupitia bomba la chuma, na siku ya kazi nyingi zilifika 20,000. Chupa zilizopasuka, zilizopinda na kioo kilichobaki tanuuni jioni, vyote vilimwagwa baharini. Kiwanda kilifungwa mwaka 1921. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bahari bado inarudisha ilichomwagiwa, kidogo kidogo, hasa baada ya dhoruba.

Nilipomtembelea alinipeleka nikaone. Usitarajie ufuo wa picha za watalii. Ni kokoto tupu chini ya majabali ya rangi ya udongo, upepo unakata masikio, na zamani mahali hapo palikuwa peusi kwa taka za makaa ya mawe, kwa sababu migodi ya Seaham nayo ilimwaga uchafu wake baharini mpaka ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu wazima wamepiga magoti kwenye kokoto, mgongo kwa mgongo, hawasemezani. Wengine wamelala kifudifudi kabisa, wanapekua kwa vidole. Nilipowaona mara ya kwanza nilisimama kwa heshima, maana walionekana wako katika ibada.

Kusugua peke yake hakutoshi kukifanya kigae kiwe vile. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Magadi hayo ni kitu tunachokifahamu: huchimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, kwa zaidi ya karne sasa, yakasafirishwa kwa reli na kupakiwa melini, na sehemu kubwa huishia viwandani kuyeyushwa pamoja na mchanga. Kigae kikiwa baharini, maji huyatoa magadi yale polepole kwenye ngozi ya kioo, miaka nenda miaka rudi, na kuacha vishimo vidogo sana. Vishimo hivyo ndivyo vinavyokipa kigae ukungu wake. Wakati huohuo mawimbi yanakigonganisha na kokoto hadi makali yote yanakufa. Kazi hiyo huchukua miongo, na huhitaji pwani ya mawe na bahari kali. Kwetu miamba ya matumbawe huyavunja mawimbi mbali na nchi, hivyo kigae huweza kukaa na makali yake siku nyingi. Tena chupa zetu za soda, kwa muda mrefu, zilirudi kiwandani na kreti zake.

Rangi nazo zina nasaba. Kijani hutokana na chuma kilichomo mchangani. Buluu iliyokolea ilitiwa kobalti, na mara nyingi ilikuwa chupa ya dawa, au ya sumu, ili mkono unaopapasa gizani utambue. Kioo cheupe cha zamani kilichotiwa manganizi ili king'ae hugeuka zambarau hafifu kikikaa juani miaka mingi. Nyekundu ni adimu kwa sababu wekundu mzuri wa zamani ulipatikana kwa kutia chembe za dhahabu kwenye kioo kilichoyeyuka. Seaham ina pia vigae vyenye rangi mbili au tatu kwa pamoja, na hivyo ndivyo waokotaji wa kule wanavyovitamani kuliko vyote. Dada ana kimoja, kijani ndani ya nyeupe, hakiuzi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Dada yangu alifiwa na mumewe kulekule ugenini. Shemeji alizikwa kule, na eda dada aliikalia katika nyumba ambayo dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Sisi tulikuwa huku. Simu yake ilijaa rambirambi na mawaidha, na karibu kila ujumbe ulibeba funzo lilelile kwa sura tofauti: mtihani humsafisha mja, dhahabu hupita motoni, Mungu anakutengeneza. Waliotuma walimpenda na walimaanisha kila neno. Eda ilipokwisha alirudi kazini, zamu ya usiku. Asubuhi alikuwa hawezi kuingia nyumba ile moja kwa moja, akawa anapanda basi mpaka Seaham, anatembea ufuoni mpaka achoke, ndipo anarudi kulala. Hivyo ndivyo alivyokutana na vigae.

Alipoanza kutuma picha zake, mawaidha yakapata mfano mpya. Shangazi yetu mmoja alimwambia, "Unaona, mwanangu? Hata kioo husuguliwa na mawimbi mpaka kikawa kito. Na wewe ndivyo." Dada hakumjibu shangazi, kwa adabu. Alinipigia mimi.

"Kaka," akasema, na nikasikia upepo ndani ya simu, "niko hapa ufuoni. Kuna mchanga hapa chini ya kokoto. Nao ulisuguliwa. Mbona hakuna anayeutaja?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona dada ana haki. Fikiria mabaki ya kiwanda kile kwa takriban miaka 70. Kinachookotwa leo ni sehemu ndogo mno ya kilichomwagwa. Kilichobaki kimezama, kimetawanyika, au kimesagwa hadi hakuna mtu awezaye kukitofautisha na punje nyingine yoyote. Bahari haina nia na kigae. Haikisugui ili kiwe kizuri. Inakisugua tu, na haijui pa kukomea. Kigae kile kinachopendeza kiganjani, ungekiacha majini karne nyingine, kingekwisha. Uzuri wake ni hatua katika safari ya kuelekea kutokuwepo, na kilichosimamisha safari ile katika hatua ile si wimbi. Ni mtu aliyepita, akaona, akainama.

Jambo hili laonekana dogo, lakini linabadilisha anayepaswa kufanya kazi. Tukisema dhiki humng'arisha mtu, basi sisi tulio pembeni hatuna la kufanya ila kungoja ang'ae na kumpongeza. Tukisema kigae huokoka kwa kuokotwa, swali linatugeukia: nani ameinama? Sikatai kwamba mitihani ipo, wala kwamba subira ina malipo yake kwa Mola. Nimelelewa juu ya hilo na nitafia juu ya hilo. Ninalolikataa ni kumtazama aliyefiwa kana kwamba yumo kwenye matengenezo mazuri, kisha tukaenda zetu. Nimewajua watu kadhaa, wa mtaani kwetu na wa ukoo wetu, ambao dhiki haikuwang'arisha. Iliwasaga. Hawakuwa na subira haba kuliko wengine. Hapakuwa na mtu.

Kwa dada yangu mtu alikuwepo, na alikuwa mgeni kabisa. Bibi mmoja wa Kiingereza, mwenye umri wa kumzaa mama yetu, alimwona mara kwa mara asubuhi akitembea mikono mifukoni, macho mbele, akizikanyaga kokoto bila kuzitazama. Siku moja bibi yule akamwita. Hakumuuliza ana nini. Alimwonyesha namna ya kutafuta. Alimfundisha kuelekea jua, kwa kuwa pwani ile hutazama mashariki na jua la asubuhi hutokea baharini likiwa chini. Ukiwa umelipa uso, kigae hunasa mwanga kwa ndani huku mawe yakibaki meusi. Alimfundisha kuja maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua, hasa baada ya tufani. Na akamwambia kwamba ukiwa umesimama hutaona kitu, sharti upige magoti. Baadaye alimkaribisha jikoni kwake siku za Jumamosi, ambako kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza mapambo ya vigae hivyo na kuyauza sokoni.

Kazi yenyewe nimeitazama pale mezani, na nimeipenda kwa sababu moja: ukubwa wake ni katika yale isiyoyafanya. Kigae hakikatwi ili kipate umbo la kupendeza. Hakisuguliwi tena. Hakipakwi mafuta ya kukifanya king'ae, ingawa kikilowa hung'aa na mnunuzi hukitamani hivyo. Fundi anakubali kilivyokuja, kisha anatafuta namna ya kukishika bila kukificha. Njia nyepesi ni kukizungushia waya wa fedha. Njia ngumu ni kukitoboa, na hapo keekee yenye ncha ya almasi huzungushwa kigae kikiwa ndani ya maji, polepole, kwa maana joto likipanda kidogo tu kinapasuka, na miaka 100 ya bahari inaishia kwenye sahani ya jikoni. Njia ya kisonara ni kukijengea ukuta mwembamba wa fedha unaofuata mzunguko wake halisi, pamoja na mapindo na mapengo yake, kisha kuulaza ukuta ule juu ya kingo kwa chuma laini, kidogo huku, kidogo kule. Nyuma huachwa wazi mwanga upite.

Wapo wanaochukua chupa mpya, wakaivunja, wakaitia kwenye pipa linalozunguka pamoja na changarawe na maji. Baada ya siku chache wanatoa vigae laini na kuviuza kwa jina la bahari. Bibi yule huvitambua kwa kuvigusa: vyote vina ulaini mmoja, ukungu mmoja, na havina zile alama ndogo za mwezi mwandamo ambazo kokoto huziacha. Mimi sivichukii. Kioo ni kioo, na mtu akisema wazi alichofanya hana kosa. Lakini kukiita kigae cha bahari ni uongo, na ni uongo unaomuumiza aliyepiga magoti kwenye baridi.

Hata kuinama kuna mipaka yake. Fort Bragg, California, taka za mji zilitupwa kwenye majabali ya bahari tangu mwaka 1906 hadi 1967, chupa, vyombo, hata magari, na bahari ikapageuza kuwa ufuo wa vioo unaojulikana duniani kote. Leo sehemu ya ufuo huo imo ndani ya hifadhi ya jimbo, na kuokota kumepigwa marufuku, kwa sababu mikono ilikuwa mingi na vioo vinapungua. Kwetu pia nawasihi vijana: vigae vya kauri na shanga zinazoonekana kwenye magofu ya pwani, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa Kisiwani, si vya kuchukua. Pale sheria inakataza, na sababu ni nzuri. Kigae kilichotolewa mahali pake kwenye gofu kinanyamaza. Kikibaki kilipo, wataalamu wanaweza kukiuliza mengi.

Zamu yangu ya kuinama ilipofika, nilitaka kumwandikia dada. Meseji alikuwa nazo kupita kiasi, zimepangana kwenye simu, akizifungua hajui ni ya nani. Nikaamua kumwandikia barua kwa mkono, kwa karatasi, na nikataka barua hizo ziwe na muhuri wangu, ili kabla hajasoma neno awe amejua mkono uliozifunga. Ndipo nikawa nahitaji pete.

Nilikwenda Lamu. Masonara wa Lamu wana ufundi ambao ni ndugu wa ule wa jikoni Seaham: huchukua vipande vya sahani na mabakuli ya kauri ya kale yaliyovunjika, vyenye maua ya buluu yaliyokatika nusu, wakavitia kwenye pete na vidani vya fedha. Jambo hili lina mizizi kwetu. Waliojenga makaburi ya minara ya Mambrui na Kunduchi walipachika mabakuli ya kauri ya China ukutani, juu ya wafu wao waliowatukuza. Nilichukua pia kigae kimoja cha buluu alichonikabidhi dada, cha kutengenezewa kidani cha mama.

Sonara niliyemwendea ana kiduka chembamba kwenye Usita wa Mui, punda akipita lazima mteja ajibane ukutani. Ni mzee wa maneno machache. Kigae cha dada alikigeuza, akakiinua kuelekea mlangoni, akasema tu, "Hiki kimetoka mbali," akakiweka kando kwenye kitambaa. Kisha tukazungumzia pete. Ya fedha, kwa kuwa dhahabu kwetu wanaume haivaliwi, uso wa yai, jina langu kwa herufi za Kiarabu. Nikamwambia nataka jina lisomeke vizuri.

"Lisomeke na nani, mwanangu?" akauliza.

Sikuwa na jibu la haraka. Akanieleza, mikono ikiendelea kupekua sanduku la vyuma. Wengi wanaokuja siku hizi wanataka waangalie kidole na kujisoma. Anawachongea hivyo, ni haki yao, wamelipa. Hiyo ni pete yenye jina. Pete ya muhuri huchongwa kinyume. Mvaaji akiitazama anaona herufi zimegeuka, zinakwenda upande usio wake. Zinanyooka zikigandamizwa kwenye kitu laini tu, na hapo anayezisoma si yeye tena, ni aliyepelekewa.

Nikamwambia achonge kinyume.

Niliketi kwenye kigoda nikamtazama. Alipaka uso wa pete rangi nyeupe, akachora kwa ncha ya sindano. Akakaza pete kwenye kishikio cha mbao, akachukua patasi ndogo kama unyoya wa kuku, kitako chake kimekaa katikati ya kiganja, na akaanza. Chuma hakipigwi, husukumwa. Kinachogeuka ni pete, mkono wenye chuma unakaa palepale, na nyuzi za fedha nyembamba zinajiviringa na kudondoka kwenye kitambaa ili ziyeyushwe tena baadaye. Kila baada ya muda aliibonyeza pete kwenye donge la nta, akatazama nta, akarudi kazini. Pete yenyewe hakuitazama kupima. Nta ndiyo iliyomwambia kama amekosea. Mara moja aliona nukta ya herufi imekaa chini mno, akaisogeza kwa mkato ambao mimi, hata kwa lenzi yake, sikuuona.

Nilipokuwa pale niliwaza kile kisa ambacho tumekisikia tangu chuoni. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nje aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha iliyochongwa Muhammad Rasulullah kwa mistari mitatu, na akawakataza watu wasichonge pete zao kwa maandishi hayo. Baada yake ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka siku Uthman alipokuwa ameketi kwenye kisima cha Aris, Madina, ikamponyoka. Siku tatu waliitafuta, maji yakatekwa yote, haikuonekana. Nilikuwa nikikisikia kisa hiki kama kisa cha kupotea. Pale dukani nilikisikia kuanzia mwanzo wake: pete ilitengenezwa kwa sababu ya msomaji. Asingekuwapo mtu wa mbali anayetaka uhakika, isingechongwa.

Na hata muhuri wa chifu, ambao Mkenya huuhangaikia tangu anapoomba kitambulisho, ni hivyohivyo. Vijana wanaoichonga mihuri ya mpira huandika kila kitu kinyume, na chifu hafaidiki lolote kwa kuutazama. Nguvu yake iko kwenye karatasi ya mwananchi.

Barua ya kwanza niliifunga nyumbani, lakiri nyekundu ikidondoka kutoka kwenye mshumaa. Lakiri hupasuka kwenye mashine za Posta, hivyo bahasha yenye muhuri huitia ndani ya nyingine. Pete hugandamizwa lakiri ikiwa imeanza kupoa lakini bado inakubali. Ikiwa moto sana hung'ang'ania pete, ikipoa sana haipokei kitu. Niliinua mkono, na jina langu likawa limenyooka pale. Nililiangalia kwa muda mfupi, kisha likaenda zake. Dada aliniambia kwamba huwa havunji muhuri. Hukata bahasha pembeni kwa wembe, na mihuri ameihifadhi kwenye bati la biskuti, pamoja na kile kigae cha rangi mbili. Ndani ya barua hakuna mawaidha. Namwandikia nani ameoa, embe zimeanza kuanguka, paka wa mama amezaa tena kwenye kabati la nguo. Yeye hujibu kwa kurasa nyingi. Katika moja alinieleza jinsi alivyompata muuguzi mgeni, binti kutoka Ufilipino, analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na jinsi alivyomchukua asubuhi ile wakapanda basi pamoja hadi Seaham. Hakumwambia kitu kuhusu kusuguliwa. Alimwonyesha upande wa kulitazama jua.

Mama huvaa kidani chake kila siku, hata akienda dukani kununua unga. Wanawake wenzake humuuliza ni kito gani hicho, naye huwaambia ukweli, kwamba ni chupa. Kisha huwaambia ni nani aliyeiokota, na hapo mazungumzo huwa marefu.

Nilipokwenda kuichukua pete nilimuuliza sonara swali ambalo lilikuwa likinisumbua. Pete ya Mvuvi ya Papa wa Roma, ambayo inatajwa tangu barua ya mwaka 1265, huharibiwa Papa anapofariki, ili pasiwe na mtu wa kuandika kwa jina lake. Benedikto XVI alipojiuzulu mwaka 2013 yake ilichorwa msalaba wa kina juu ya nakshi. Pete ya Mtume ilichukuliwa na kisima. Na hii yangu je, nikifa? Mzee akaivua kwenye kidole changu, akanionyesha kwa ukucha unene wa ule uso. Ameuacha mnene kwa makusudi, akasema. Atakayerithi ampelekee fundi, ataupiga tupa mpaka jina liishe, pabaki papya pa kuchonga, na fedha itatosha kufanyiwa hivyo tena hata kwa mjukuu.

Nimemweleza mwanangu mkubwa, ambaye bado ni mwanafunzi na anaiona pete kuwa kubwa mno kwa kidole chake. Aliigeuzageuza, akajaribu kulisoma jina langu, likamshinda. Akaniuliza kama na lake litachongwa kinyume. Nimemwambia hilo ataamua yeye na fundi wa wakati huo, kwa kuwa sijui atakuwa akimwandikia nani.